Kaburi Lililongoja Kiangazi

Habari ilinikuta nakula mihogo ya kukaanga nje ya ofisi yetu pale Tunduma. Nilikuwa nimesimama kwa sababu benchi lilikuwa na vumbi la malori. Simu ikaita, namba ya Dar es Salaam, nikapokea kama ninavyopokea namba zote za Dar, nikijua ni mambo ya mzigo. Mwanaume aliyepiga akajitambulisha kuwa ni wakala wa meli aliyofanyia kazi mdogo wangu. Akasema meli imepata ajali. Kisha akajisahihisha, akasema si ajali hasa, imepigwa kombora kwenye Bahari ya Shamu na imezama. Baadhi ya mabaharia wameokolewa na meli nyingine iliyokuwa jirani, na waliokufa wanaletwa nchi kavu. Nikamuuliza mdogo wangu yuko kundi lipi. Akasema kwenye walio hai hayupo. Nikamwambia asante, nikakata simu, nikamalizia mihogo yangu.

Watu nikiwasimulia hapo huniangalia vibaya. Wanataka niwaambie nilidondoka chini, nilipiga yowe, wapita njia wakanishika. Sikudondoka. Nilirudi ndani kumhudumia mteja wangu, mama mmoja wa Nakonde, upande wa Zambia, ambaye alikuwa ananigombeza tangu asubuhi kuhusu vitenge vyake vilivyokwama. Akanisalimia upya kwa Kibemba, mulishani, nikaitikia, nikaendelea kumwelezea kwa nini vitenge vimekwama. Nilieleza vizuri tu. Nakumbuka nilijishangaa jinsi nilivyokuwa naeleza vizuri.

Mimi ni wakala wa forodha, na kwa kazi hii vifo vya mbali si vigeni kwetu. Tunduma ni mji wa malori. Dereva akifia Kitwe au Lubumbashi, wenzake hawamwachi huko. Wanachanga, wanahangaika na vibali, wanamrudisha, na simu inatangulia: mwenzenu yuko njiani. Ndugu wanakuja mpakani, wanakaa pembeni ya foleni wakinywa chai, na baada ya siku mbili tatu gari linafika kweli. Kule Mbozi nyumbani kwao, ile simu ikishapigwa tu vijana wanashika majembe, kwa sababu maiti aliyesafiri siku nyingi hawekwi kungoja. Sijawahi kusikia mtu ambaye yuko njiani halafu asifike.

Ndiyo maana sikumlaumu baba mdogo. Baba mdogo alikuwa dereva wa malori mpaka macho yalipomkataa, na nilipompigia kumweleza maneno ya yule wakala, kwamba waliokufa wanaletwa nchi kavu, yeye alisikia kile ambacho dereva yeyote wa Tunduma angesikia. Alikata simu akaenda kwa kaka yake, yaani baba yangu, kule Iyula, kijijini kwetu Mbozi. Nilipofika jioni ile nikiwa na nguo zangu mbili kwenye mfuko, turubai lilishafungwa, akina mama walishapika, na kaburi lilishachimbwa. Lilikuwa ndani ya shamba la kahawa, pembeni ya kaburi la mama. Limechongwa vizuri, kuta zimenyooka. Vijana wa Iyula wanajua kuchimba.

Tukangoja.

Mdogo wangu alikuwa fundi wa injini. Alisomea ufundi wa magari Mbeya, akaenda Dar kutafuta gereji, akaishia bandarini, na bandarini mtu akamwambia injini ya meli ni injini tu, kubwa zaidi. Akasoma tena, akapata kazi ya kupaka grisi na kulinda mitambo chini kabisa ya meli za mizigo. Alikuwa mtu wa kwanza katika ukoo wetu kufanya kazi juu ya maji, na alikuwa hajui kuogelea mpaka chuo kilipomlazimisha. Kwetu nani anaogelea? Maji ya mtoni ni ya kuchota na kufulia. Alinitumia ujumbe wa sauti akicheka, anasema dada, leo nimekunywa bwawa zima.

Mara ya mwisho alizungumza na baba kwa simu yangu. Nilikuwa nimepeleka sukari nyumbani, nikaweka sauti kubwa ili mzee asikie. Baba alimuuliza swali lile lile alilomuuliza kila mara, kama ng'ambo inaonekana. Mdogo wangu akamjibu jibu lile lile, kwamba hapana baba, haionekani. Baba akaguna. Halafu akalalamika kwamba msimu unakaribia na mbolea haijafika kwa wauzaji, na mdogo wangu akacheka akamwambia, "Baba, tulia. Safari hii tumebeba mbolea. Labda ni ya kwako hiyo, iko hapa chini ya miguu yangu." Mzee alifurahi sana. Aliwaambia watu kanisani kwamba mbolea inakuja, anaileta kijana wake. Meli ile ilikuwa inapeleka mzigo wapi, mimi sijui. Alikuwa anatania tu.

Siku ya tatu ya kungoja yule wakala wa meli akapiga tena. Waliopatikana majini walikuwa wachache, na mdogo wangu hakuwamo. Kombora lilipiga upande wa injini. Waliokuwa chini kwenye injini wamekwenda na meli. Akasema pole, na kwamba hakuna atakayewatoa, ni mbali mno kwenda chini. Nikamuuliza vita hiyo ni ya nani na nani, akanieleza, nikawa sielewi. Walikuwa ni watu ambao sisi hatujawahi kugombana nao. Kazini kwangu mzigo uliopotea kwa vita na mzigo uliopotea kwa ajali hushughulikiwa tofauti, na kwa muda nilikaa nafikiria hilo tu, kama mjinga, nikijiuliza mdogo wangu ataingia upande gani.

Nikawaambia baba na baba mdogo. Nilisema yote kwa mkupuo, wamesimama mlangoni. Baba mdogo alikaa chini pale pale kizingitini. Baba akauliza, "Kwa hiyo hayuko njiani?" Nikamwambia hapana, hayuko njiani.

Sasa tatizo likawa kaburi. Kwetu kaburi lililochimbwa haliachwi tupu. Wazee wanasema litaita mtu mwingine wa kuliingia, na hata sisi tuliobatizwa na tunaoimba kwaya, tukilipita kaburi tupu tunaharakisha. Dawa yake inajulikana: unakatwa mgomba, urefu wa mtu, unavishwa shuka, unazikwa kwa heshima zote, watu wanalia, wanakula, wanatawanyika. Wamefanyiwa hivyo waliopotelea migodini Zambia miaka ya zamani. Baba mdogo alishachagua na mgomba wenyewe. Mchungaji alisema atakuja kusali, mgomba ataufumbia macho.

Baba akakataa. Hakupandisha sauti, baba yangu si mtu wa kelele. Alisema tungoje kiangazi.

Hatukumwelewa. Ikabidi atueleze taratibu, kama anatufundisha kupogoa kahawa. Alipokuwa kijana alikuwa anateremka kwa miguu kupitia Msangano hadi Ziwa Rukwa kununua samaki wakavu. Mwaka mmoja mtumbwi wa watu aliowajua ulizama huko na mvuvi mmoja hakuonekana. Watu walilia, basi. Ila kiangazi kilipokuja ziwa likarudi nyuma, kama lirudivyo kila mwaka, likaacha tope kubwa jeupe, na mtumbwi ukaonekana umekaa pale topeni, wazi kabisa, na yule mtu hakuwa mbali nao. Walikwenda kumchukua kwa miguu. Baba alikuwapo. "Maji hayakai na kitu cha mtu," akasema. "Ngojeni yapungue."

Baba mdogo akaniangalia mimi. Mimi ndiye niliyewahi kwenda Dar, mimi ndiye niliyeiona bahari, kwa hiyo mimi ndiye niliyetakiwa kusema. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa sisikii kitu, na kubishana na mtu kuhusu maji kulihitaji nguvu ambazo sikuwa nazo. Nikasema haya, tungoje. Baba mdogo alikasirika siku nzima.

Basi vijana wakalaza magogo juu ya shimo, wakapanga mabati juu ya magogo, wakaweka mawe juu ya mabati. Turubai likafunguliwa. Watu waliondoka bila kujua waage vipi, kwa sababu msiba haukufungwa. Wengine walisema pole, wengine walisema tutaonana, na mama mmoja wa Ihanda aliniambia hongera, akashtuka mwenyewe, akaenda zake haraka. Nilitaka kucheka, kicheko hakikutoka.

Mvua zikaanza. Mbolea ikachelewa mwaka ule, Mbozi nzima ilikuwa inalalamika, kwenye vibanda vya chai hakuna habari nyingine. Baba alipanda mahindi bila mbolea na yakatoka ya manjano, membamba. Nilikuwa nakuja Jumapili moja moja. Nilimkuta kila mara ameshaondoa maji yaliyotuama juu ya mabati kwa ufagio. Majirani walikuwa wanazunguka mbali na shamba letu, hata njia ya kwenda kisimani ikahama. Mtu akiugua mafua tu, wenzake wanatazama upande wetu. Baba mdogo akawa anatembelea fimbo, akasema ni uzee, lakini nilijua anahesabu kwamba yeye ndiye anayefuata. Alikuwa anaogopa kweli. Kila nilipokuja alinivuta pembeni na kunibembeleza niseme na kaka yake, kwa maana mimi ndiye ninayesikilizwa, na mimi nikawa namwambia Jumapili ijayo, baba mdogo, Jumapili ijayo.

Tunduma nilifanya kazi. Nilifanya kazi sana, bosi alinisifu. Mchana naandaa nyaraka, jioni nakunja kanga, nalala. Yule mama wa Nakonde vitenge vyake vilitoka, akaniletea zawadi ya dagaa, akaniuliza mbona siku hizi sicheki, nikamwambia jino linauma. Akawa kila akija ananiuliza hali ya jino. Ni mtu mzuri. Ningeweza kumwambia, lakini ningemwambia halafu angelia, halafu mimi ningebaki namtazama analia.

Kiangazi kikaja. Kahawa ikaiva, nikaomba likizo niende kumsaidia baba kuvuna. Upepo ulikuwa mkavu, mito imebaki na maji ya kulowesha vifundo vya miguu tu, na baba akachangamka. Sijui niseme vipi. Alinunua sanda. Alipaka rangi msalaba wa mama, akaongeza na wa pili wa mbao, mpya, akauegemeza ukutani mwa stoo. Kila asubuhi alikwenda kutazama kijito cha bondeni kimeshuka kiasi gani, anarudi ameridhika.

Tulikuwa kwenye chanja tunachambua kahawa, tunaondoa mbovu, mikono yetu inakwenda yenyewe. Baba mdogo alikuwa amekaa mbali kidogo kwenye kigoda. Baba akaniuliza bila kuinua kichwa:

"Mama, wewe ndiye uliyeiona bahari. Huko itakuwa imeshapungua sasa?"

Nilikuwa nimepanga maneno mengi miezi yote ile. Yalitoka mawili tu.

"Haipungui, baba."

"Hata kiangazi?"

"Bahari haina kiangazi. Inashuka na kupanda kila siku, ila haikauki."

Akachambua kidogo. Akatupa punje mbovu.

"Kwa hiyo inashuka kila siku," akasema, "na kila siku hawamwoni."

Nikasema ndiyo. Baba mdogo aliinamisha kichwa kwenye fimbo yake. Baba aliendelea kuchambua mpaka sehemu yake ikaisha, akahamia kwenye yangu. Nilikuwa nimevunja kitu cha mtu mzima mbele yangu na nilijua nimekivunja, na kifuani palikuwa kimya kama ofisi siku ya sikukuu. Hilo ndilo lililoniuma baadaye, kwamba wakati ule halikuniuma.

Mwishoni mwa kiangazi mbolea ikaja mapema kwa wauzaji, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na baba akaenda Vwawa kuchukua mifuko yake. Aliporudi alimwambia baba mdogo awaite watu, kaburi tunalifukia Jumamosi. Baba mdogo alilia kwa furaha, Mungu amsamehe, na alfajiri ya Jumamosi akaja na mgomba wake umeshakatwa, umeoshwa.

Watu walikuja wengi, hata wale waliohamisha njia. Mabati yakaondolewa. Chini kulikuwa na chura mmoja, kijana akashuka akamtoa. Mchungaji akasali. Baba mdogo akasogeza mgomba, ukiwa ndani ya ile sanda aliyoinunua baba, na hapo baba akasema hapana. Akasema mgomba aupeleke kwa ng'ombe. Akaivua sanda, akaikunja yeye mwenyewe, akaiteremsha tupu, akawaambia vijana wafukie. Wakafukia huku wanaangaliana. Udongo ulipobakiza kama kiganja kufika juu, akawasimamisha, akaenda stoo, akatoka na mfuko wa mbolea begani. Mfuko mzima, ile ya kukuzia, nyeupe. Akaupasua kwa panga akaanza kuumwaga juu ya kaburi, kutoka kichwani hadi miguuni, anasambaza kwa mkono kama anavyosambaza chumvi kwenye nyama.

Watu wakaguna. Mfuko wa mbolea, kwetu, na mwaka ule jinsi mahindi yalivyotoka! Baba mdogo akamshika mkono. Akamwambia kaka, hiyo itaunguza ardhi, hapa hapataota kitu miaka mingi.

"Najua," baba akasema. "Mimi ni mkulima. Humu hamna mtu. Sitaki paote majani kana kwamba yumo."

Alimwaga mpaka mfuko ukawa mtupu, akaukung'uta, akaukunja. Vijana wakamalizia udongo. Msalaba mpya ukasimamishwa. Tukala, watu wakaaga vizuri safari hii, kila mtu akajua la kusema, na msiba ukafungwa. Baba mdogo aliiacha fimbo yake nyumbani kwetu kwa kusahau, akaja kuichukua baada ya mwezi.

Pale hapakuota kitu kweli. Mvua ilinyesha, kahawa pande zote ikafunga matawi, juu ya mama maua yakajaa hata ikabidi yapunguzwe, na pembeni yake pakabaki mstatili wa udongo mtupu, mwekundu, unang'aa mvua ikinyesha. Baba anapafagia. Watu wanaokuja mara ya kwanza wanadhani ni uwanja wa kuanikia kitu. Misimu imepita sasa, na vita ile ya kule bado nasikia watu wakiitaja redioni, inapungua, inarudi. Nikisikia nabadilisha stesheni.

Mwezi uliopita nilikuja Jumapili, nikamkuta baba anavaa viatu vya kanisani. Macho yake yameanza kuwa kama ya baba mdogo, anavaa kwa kupapasa. Nikatangulia nje, nikazungukia shambani. Na pale, upande ulio karibu na mama, kulikuwa na jani la ukoka. Moja, limelala chini, kijani kabisa, limeshatoa mzizi wa pili.

Nilichuchumaa na gauni langu la kanisani nikaling'oa. Lilikuwa limeshika, nikachimba kwa kidole mpaka mzizi ukaisha wote. Nikasawazisha udongo kwa kiganja. Hapo nikamsikia baba nyuma yangu ananiuliza nafanya nini, na mimi nikalisukumia mkobani nikamwambia nimeangusha hereni. Akauliza kama nimeiona. Nikasema nimeiona. Moyo ulikuwa unanienda mbio kama mwizi, na nilitambua kwamba nilikuwa sijausikia moyo wangu tangu siku ile ya mihogo.

Tukaenda kanisani, amenishika mkono. Wakati wa sadaka nilifungua mkoba, jani likawa juu ya kila kitu, na nikaufunga tena. Nikakaa hivyo hivyo, kapu linakuja safu kwa safu. Baba akadhani sina kitu. Akapapasa mfuko wa koti, akatoa noti yake, akaiweka kwenye kiganja changu chenye udongo na kukifunga kwa mikono yake miwili. Alikaa amekishika, akikipapasa kwa kidole gumba, muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Halafu akasema polepole, ananinong'oneza, "Pameota?"

Nikamwambia hapana, baba. Kapu likafika.